Nakiete na Wadudu wa Mbegu

Sogeeni, wajukuu zangu, moto huu unatutosha sote. Hapo kale, kale ya kale, mawingu yalipokuwa yakilala juu ya milima ya Upare bila kusumbuliwa na mtu, aliishi mjane mmoja, jina lake Nakiete. Shambani kwake yaliota matunda mekundu, yale mnayoyaita leo stroberi. Mbegu zake, mnajua, hazikai ndani. Zimetapakaa nje, juu ya ngozi ya tunda.

Jirani yake aliitwa Semvua. Kati ya mashamba yao palikuwa na ukingo wenye magugu marefu. Kiangazi kimoja Semvua alimwona Nakiete akiumwa mgongo, akachukua panga, akaufyeka ukingo wote bila kuombwa.

Magugu yakakauka. Na yalipokauka, matunda ya Nakiete yakaanza kudumaa. Yakawa madogo, magumu, yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Nakiete akapasua moja, hakuona funza. Akatazama mizizi, mizima. Moyo ukamwambia: ni yule mwenye panga.

Akaenda kwa wazee. "Semvua amelifunga shamba langu kwa uchawi."

Wazee wakamwita. "Ulifanya nini pale ukingoni?"

"Nilikata magugu tu."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Mama huyu mgongo ulimsumbua. Nilikata magugu tu."

Hawakumsadiki. Enzi zile, wajukuu zangu, aliyenyooshewa kidole na mjane hakuwa na pa kujitetea. Semvua na mkewe wakabeba vyungu vyao, wakavuka milima, wakaenda ugenini.

Kiangazi kikarudi. Magugu yalikuwa yameota tena, nayo yakakauka yenyewe, pasipo panga la mtu. Na matunda yakadumaa kuliko mwanzo.

Ndipo Nakiete akapiga magoti, akafunua majani makavu chini ya mashina. Wadudu wakatawanyika, wembamba, wa kahawia, hawazidi punje ya mchele. Watoto wao alikuwa akiwaona siku zote, akidhani ni sisimizi. Akatulia, akatazama. Mmoja akapanda juu ya tunda, akakunjua mdomo mwembamba kama sindano, akauchoma ndani ya mbegu, akafyonza. Nakiete akaibandua mbegu ile, akaiminya kwa ukucha. Tupu. Na pale mbegu ilipokufa, nyama ya tunda haikuvimba.

Akawafuata hadi ukingoni. Akawaona wakitoka kwenye magugu makavu, yasiyo na chakula tena, wanahamia kwake. Akakaa chini, akalia bila sauti.

Alikwenda mwenyewe kumtafuta Semvua. Alimkuta mlangoni, amezeeka kabla ya wakati wake.

"Baba, nilikuzulia. Walikuwa wadudu. Turudi nyumbani."

Semvua akatikisa kichwa. "Mke wangu nimemzika hapa, mama. Nikirudi, nani atamfagilia kaburi?"

Akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi njiani. Hakumtukana. Hilo ndilo lililomuumiza Nakiete kuliko yote.

Akarudi peke yake, akayasema yote mbele ya wazee. Tangu hapo magugu ya kingo huondolewa mapema, kabla mimea ya matunda haijatoa maua.

Basi wanangu, ukitaka kumshtaki mtu, funua kwanza majani ya shamba lako. Neno likishamfukuza mwenzako, huna hakika kwamba neno jingine litamrudisha.

Kisa nakitua hapa. Mwenye mabega na akibebe.