Sange, Kiboko na Ukurasa wa Mwisho

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nyumba!
— Ya nani?
Ya kila mtu!
— Basi fungua tuingie!

Haya, ingieni, na wewe wa nyuma acha kusinzia. Ilikuwa nyumba ya vitabu, kando ya bwawa, na mtunzaji wake alikuwa Sange. Mnamjua Sange? Kinyama kidogo, pua ndefu, miguu kama njiti za kiberiti. Ukimwona utasema huyu hata upepo unamshinda. Haya, semeni, mimi nipo.

Sasa palikuwa na Kiboko. Kiboko alikuwa na maghala matatu ya maboga, yote yamejaa, akataka la nne. Akaenda barazani akasema ile nyumba haina wasomaji, apewe yeye. Mkuu wa baraza, Bibi Kongoni, alikuwa mtu wa sheria. Akaamua kwamba siku ya mwisho wa mwezi atafungua daftari la wasomaji pale mezani. Akikuta wasomaji arobaini, nyumba inabaki ya vitabu. Akipungua hata mmoja, inakuwa ya maboga.

Arobaini kwa mwezi si wengi, na Kiboko alilijua hilo. Kesho yake akaja, tifu, tifu, tifu, akajilaza mlangoni. Puu! Kila aliyefika aliambiwa kwamba mzee anapumzika tu, na kupumzika si kosa. Nungunungu akaja, akarudi. Ngiri akaja, akarudi. Kobe, aliyetembea siku mbili kuja kurudisha kitabu, akakiweka majanini na kurudi alikotoka.

Sange peke yake ndiye aliyeweza kupenya chini ya kidevu cha Kiboko. Alipomwona Kobe anavyokwenda zake polepole, roho ilimuuma. Akaingia katikati ya rafu akalia, maana nyumba ile aliipenda kama mtu anavyompenda mwanawe. Kisha akafuta pua. Pua yenyewe mnaijua, ilichukua muda.

Sange alikuwa na simu ya zamani, kioo kimepasuka, na mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Akapanda. Akafungua kundi la simu, lile la bure, akawaingiza wasomaji wake wote. Akafungua na orodha mtandaoni, nayo ya bure, kila mtu aandike kitabu alichonacho nyumbani na nani aje kuazima. Nungunungu akaandika ana cha kilimo cha viazi vikuu, Ngiri akakifuata siku hiyohiyo. Na kila asubuhi Sange akawa anasoma sura moja ya hadithi, anairekodi, anaituma.

Ting! Nungunungu akasikiliza. Ting! Ngiri akasikiliza. Ting! Kobe akasimama njiani, akasikiliza.

Lakini Bibi Kongoni aliposikia, akasema anayesikiliza akiwa kwake hajafika. Aliyefika ni yule aliyeingia mlangoni na kujiandika mwenyewe. Mlango wenyewe ndio ule, umelaliwa.

Siku ya tatu mgeni akaomba kuingia kundini. Jina hakuweka, picha yake boga. Sange akamkaribisha. Kesho yake alipotuma sura, ting! ikalia kule mlangoni, chini ya tumbo la Kiboko. Sange akakaa juu ya kichuguu akacheka peke yake. Kumbe mzee kaja kupeleleza! Karibu sana, Bwana Boga.

Tangu siku hiyo akachagua hadithi kwa makini. Ilikuwa ya ndama aliyepotezana na mama yake kwenye mafuriko, akawa anapita ukingo hadi ukingo akiuliza, "Mmemwona mama?" Na kila siku Sange alikatisha pale panapouma. Kiboko akaacha kukoroma. Siku ya kumi Bwana Boga akatuma sauti, nyembamba, ya mtu aliyejibana pua, akiuliza kama ndama atampata mama yake. Sange akatuma sura nyingine tu.

Siku ya mwisho wa mwezi ikafika. Asubuhi Sange akatuma maneno haya: "Ukurasa wa mwisho hautumwi. Umo kitabuni, kitabu kimo ndani, na anayeingia anajiandika."

Watu wakaja wakajaa uwanjani. Kiboko akageuka huku, akageuka kule, akashusha pumzi. Kisha akainuka, akajipenyeza mlangoni, kruu, kruu, akaingia ndani mwenyewe. Wenzake wakamfuata mbio, wakajiandika. Sange akahesabu majina mara mbili. Thelathini na tisa. Kobe alikuwa bado yuko njiani, wa kufika keshokutwa.

Akamkuta Kiboko pembeni ameshika kitabu, kakigeuza juu chini, macho yamejaa machozi.

"Bi Sange," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sijui kusoma. Nyinyi mnaingia humu mnafurahi, mimi nabaki nje kama mjinga. Nikaona bora nyumba iwe ghala."

Sange alikuwa amejiandalia maneno ya kumcheka. Yote yakamwisha mdomoni, akamwonea huruma. Akapanda begani kwake, akamsomea sikioni polepole, wengine wasijue. Ndama alimpata mama yake ng'ambo, naye siku zote hizo alikuwa akipita akimuulizia mwanawe. Kiboko akalia kwa kwikwi.

Bibi Kongoni akafika, akafungua daftari, akahesabu. Akatangaza thelathini na tisa. Sange hakumwomba Kiboko kitu.

Kiboko akasogea mezani, akachovya kidole cha mguu kwenye wino.

"Mzee wangu," Sange akamwambia, "ukiweka hapo, ghala ndiyo basi."

"Najua," akasema Kiboko, akabonyeza, pu! "Haya, nisomee tena pale alipomwona mama yake."

Hadithi yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aingie nayo, asiyeipenda aiache nje ikae na viatu.

Funzo mnalitaka? Simu ni kupoteza wakati, vitabu havishibishi mtu, na mkubwa akilala mlangoni mwacheni alale. Mimi nimefundishwa hivyo na wakubwa, na ninyi wenyewe mmesikia ilivyo kweli.