Kwa Nini Goli la Bondeni ni Jekundu

Kabla hamjazaliwa nyinyi mnaocheka, magoli mawili ya uwanja wa Nyandeka yalifanana, yote yameota kutu sawasawa, na timu zilibadilishana upande wakati wa mapumziko kama zinavyofanya kokote duniani. Uwanja ulikuwa umeinama kuelekea mtoni, kama ulivyo leo. Nusu ya mchezo unapanda kilima, nusu unateremka, na hakuna aliyenung'unika.

Uwanja ni wa Chuo cha Ufundi, chuo kidogo chenye wanafunzi themanini na karakana moja. Ng'ambo ya mto kipo Chuo cha Ualimu, na kila mwezi wa sita vyuo hivi viwili hukutana. Mafundi walikuwa wamefungwa miaka mitatu mfululizo. Mkuu wao, Mhandisi Mwaipasi, ambaye kwake mpira ulikuwa ngozi iliyojazwa upepo, akawaita.

"Mkifungwa tena na watu wa chaki," akasema, "mabomba ya magoli nayakata. Darasa la kuchomelea halina chuma, na nyinyi chuma chenu kimesimama bure."

Golikipa alikuwa Ambakisye, kijana mwembamba wa mwaka wa tatu, kichwa kimejaa vipimo. Maneno yale yalimtoa hamu ya ugali. Alijua mwezi wa sita Nyandeka ni ukungu mtupu; mwaka wa nyuma beki wake mwenyewe alimfunga akidhani kafunga Ualimu. Basi akafikiri kama fundi: weka alama. Akachukua kopo la rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu, akapaka goli la bondeni kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na karakana. Wiki nzima akawaimbisha wenzake: nyekundu ni nyumbani. Wakila, nyekundu ni nyumbani. Wakioga, nyekundu ni nyumbani. Watu themanini wanaosomea madaraja, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kuna mapumziko.

Siku ilipofika, kura ikawapa goli la bondeni kipindi cha kwanza. Ukungu ukashuka, alama ikafanya kazi yake, wakaenda mapumziko bila bila.

Kipindi cha pili ukungu ulizidi. Ambakisye alitembea mikono mbele kama kipofu, akagusa nguzo, akaiona ni nyekundu, moyo ukatulia. Kisha akasikia mtu anakohoa humo golini.

"Nani?"

"Lutengano, golikipa wa Ualimu. Wewe je?"

"Ambakisye. Unafanya nini golini kwangu?"

"Kwako wapi, fundi sufuria? Tumebadilisha upande."

"Nyekundu ni nyumbani," akasema Ambakisye, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Kwako ni kule juu, ndugu yangu. Hapa umekuja ugenini. Karibu, ila kiti hakuna."

Kabla hajajibu, mpira ukatokea kwenye ukungu, umepigwa na mshambuliaji wa Ufundi asiyeona rangi ya nguzo kwa ukungu, tena umepigwa vizuri. Ambakisye akaruka, akaudaka.

"Ahsante," akasema Lutengano.

Ambakisye akasimama na mpira kifuani, hajui amrudishie nani. Mwishowe akafanya lile ambalo golikipa hufanya: akaupiga kwa nguvu zote kuelekea goli la juu. Haukupita muda, kelele za goli zikatoka huko. Ualimu walikuwa wameukuta, wakautia katika goli lisilo na mtu. Na mafundi nao wakacheza ngoma, maana kama nyekundu ni nyumbani, la juu si la adui?

Refa alikuwa amezunguka mpaka hajui mto uko wapi. Akawaita magolikipa.

"Goli lako lipi?" akamuuliza Lutengano.

"Jekundu, refa."

"Na wewe?"

Ambakisye akamtazama Mhandisi Mwaipasi chini ya mwavuli wake, akaufikiria msumeno. "Jekundu," akasema. Mpaka uzeeni hakujua kama alidanganya au alikuwa amepotea kweli.

"Basi la juu halina mwenyewe," akasema refa. "Kilichoingia humo hakihesabiwi."

Mchezo ukaisha suluhu, na suluhu si kufungwa. Lakini mkuu wa Ualimu, Mwalimu Atupele, mama mpole wa uso tu, akamsogelea Mhandisi. "Golikipa wako amejibu mbele ya refa kwamba jekundu ni lake," akasema. "Kwetu jibu likishatolewa halifutwi. Libaki lenu siku zote, na la juu liwe letu."

"Chukueni," akasema Mhandisi. "Goli ni goli."

Ambakisye aliutazama mteremko, akaupima kwa macho.

Na tangu siku hiyo Nyandeka hakuna kubadilishana upande. Mafundi hulinda goli la bondeni na kupanda kilima dakika zote tisini, na wakifungwa mabomba hayakatwi: la juu ni la wenyewe, na chuma cha la bondeni peke yake hakitoshi kuchomelea hata kitanda. Kila mwezi wa tano wanafunzi wapya hupewa kopo la rangi walipake upya. Wakiuliza kwa nini wasihamie juu, huambiwa nyekundu ni nyumbani, na kwamba brashi zioshwe kabla hazijakauka.