Kishonanguo Chamshika Nyani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa mdogo na mkubwa.

Nani kamla mwenzake?

Tuambie wewe.

Basi kaeni, na aliyevaa nguo mpya akae mbali na majani.

Hapo kale alikuwapo Sange, yule mnyama mwenye mwili wa panya na pua ndefu inayochezacheza. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na shamba lake lilikuwa kipande tu cha vishonanguo, nyuma ya kichuguu. Kishonanguo mnakijua. Kiua cha manjano, kidogo, hakina makuu; lakini kikikauka hutoa mbegu nyeusi, nyembamba, zenye vijino, na ukipita tu zimekushika. Mvua ziliponyesha Sange aliokota kumbikumbi, akawakausha, akawaficha chini ya kichuguu. Hicho ndicho chakula cha wanawe kiangazi kizima.

Sasa Nyani. Nyani mkubwa, mwenye mkuyu wake, tini zinamwangukia mdomoni. Ameshiba, lakini cha mwenzake kinamwasha. Tena alikwisha kuamuru kila kishonanguo porini king'olewe, eti kilimchoma makalio. Wanyama wakang'oa, ng'wa, ng'wa, ng'wa. Kwa Sange hawakufika. Nani ajisumbue na kishamba cha Sange?

Asubuhi moja Sange akaenda kwenye akiba yake, tu-tu-tu. Kumbikumbi wamepungua. Siku ya pili akaenda, tu-tu-tu. Wamepungua tena, na chini pana alama ya kiganja kikubwa. Akaenda barazani, wanyama walipokutana mbele ya Nyani.

"Bwana Nyani, umekula chakula cha wanangu."

"Mimi? Nani kaniona?"

Na wanyama walimwona! Swala alimwona, Ngiri alimwona, wote wakatazama kwato zao. Mimi mpaka leo mkono unaniwasha kuwazaba vibao.

"Huna shahidi," akasema Nyani. "Basi umenitukana. Niombe radhi."

Sange akapiga magoti, akaomba radhi, wanawe wakitazama. Jamani, aliyeibiwa ndiye aliyeomba radhi.

Akarudi nyumbani na hasira yake. Akangoja jua likaushe maua. Kisha akahamisha kumbikumbi, akawatia katikati ya vishonanguo, pale penye mbegu nyingi. Akapita chini ya mkuyu na wanawe, akisema kwa sauti:

"Wanangu, wale wanono niliowaweka katikati msiwaguse. Ni wa sikukuu."

Nyani akasikia. Alfajiri akaingia, chwaku, chwaku. Akala, ngwaru, ngwaru. Akatoka, chwaku, chwaku. Akajipangusa tumbo, akajipangusa miguu, akaona amesafika. Mgongo wake nani anauona?

Jua lilipopanda Sange alikuwa barazani.

"Bwana Nyani, umekula tena."

"Nani kaniona?"

"Hakuna. Nataka uape tu."

Nyani akacheka, akasimama. "Naapa sijakanyaga shamba la Sange. Kikikutwa mwilini mwangu chochote cha huko, mkuyu ni wake, na mimi nitakula nyuma ya watoto wote."

"Nimeridhika," akasema Sange. "Kaa sasa, upewe heshima yako."

Maana kwa akina nyani, mkubwa akimaliza kusema barazani, mkewe humchambua manyoya mbele ya watu. Kukataa ni aibu. Nyani akakaa. Mkewe akapeleka mkono mgongoni, akaurudisha haraka.

"Mbona unachoma?"

Akachomoa moja. Akachomoa nyingine. Nyeusi, nyembamba, zina vijino.

"Mume wangu, ulikuwa wapi?"

"Hizo za njiani tu."

"Njia gani?" akauliza Sange, polepole. "Si uliamuru ving'olewe pori zima? Vimebaki kwangu peke yangu."

Hapo ndipo wanyama wakapata ndimi. "Hata mimi nilimwona," akasema Swala. "Mimi nilimwona kabla yako," akasema Ngiri. Waoga wakubwa. Siku Sange anapiga magoti, hayo macho waliyaacha wapi?

Mkuyu ukawa wa Sange, na wanawe wakanenepa. Nyani akahamia nyuma ya watoto, anakula masazo, anajikuna.

Na fundisho, wanangu, ni hili: magugu ni uchafu, yang'oeni yote, msibakize hata moja. Nyani mwenyewe anasema hivyo kila siku, kutoka kule nyuma, huku mkewe bado anachomoa.

Yangu nimeimwaga hapa. Iliyoshika nguo zenu, kaichomoeni kwenu.