Sufuria ya Bi Mwanatumu

Sogeeni, sogeeni. Na wewe unayetafuna miwa, tafuna polepole, maana nikimaliza nitakuuliza na utajibu.

Korogwe alikuwepo Bi Mwanatumu, mpishi wa pilau za harusi, na sufuria yake kuukuu ya alumini aliyonunuliwa na marehemu mumewe. Watu watatu aliwapenda kupita kiasi. Nakijwa, mke wa mwanawe, Mpare, hodari wa mambo ya jikoni. Shemdoe, mume wa bintiye, fundi bati mwenye mkono mwepesi. Na shoga yake Bi Riziki, ambaye akianza kusugua kitu, wallahi, uchafu wenyewe huomba msamaha!

Siku moja Nakijwa akapika makande kwenye sufuria ile. Akatia magadi kama wafanyavyo kwao, akayalaza humo mpaka asubuhi. Lo! Alumini na magadi wapi na wapi? Ndani kukawa kweusi ti. Kwa hofu akaikimbiza mtoni kuiosha, ikamponyoka kwenye mawe, kitako kikabonyea.

Bi Mwanatumu hakufoka. Alilia tu.

"Ijumaa namwoza mjukuu wangu, na hiyo ndiyo pilau yangu ya mwisho," alisema. "Atakayenirudishia sufuria yangu, namkabidhi mwiko wangu."

Si jambo dogo hilo, jamani. Mwenye mwiko ule ndiye mpishi mkuu wa harusi zote za ukoo.

Shemdoe akaacha kazi za watu. Akaipindua sufuria juu ya gogo, akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kama anayembembeleza mtoto, mpaka ikakaa sawa juu ya mafiga.

Hapo Nakijwa akaijaza maji ya ukwaju, akachochea moto kutwa nzima. Macho yamemwiva kwa moshi. "Mama, nilikuharibia mwenyewe, niache nitengeneze." Weusi ukaachia.

Ila ilibaki imefifia, haina mng'aro. Bi Riziki akaja na kumbi la nazi na mchanga laini, na lile bega lake bovu.

"Pumzika, shoga."

"Nitapumzika ukicheka."

Akasugua mpaka Bi Mwanatumu akajiona meno humo, akacheka.

Ijumaa hiyo, moto unawaka, mchele umeoshwa, maneno yakaanza.

"Bila mimi isingekaa motoni," akasema Shemdoe.

"Na bila mimi mngewalisha wageni pilau nyeusi," akasema Nakijwa.

"Wewe si ndiye uliyeiharibu?" Bi Riziki akamrukia. "Mimi ndiye niliyemfuta huyu machozi!"

"Nilikosea, Bi Riziki. Lakini sikukimbia."

Bi Mwanatumu akawatazama, mwiko mkononi. "Nawapenda nyote," akasema, "na hapo ndipo mnaponiua."

Haya, mafuta yameshaanza kuungua na bibi wa watu hajui ampe nani. Mwambieni upesi: ungekuwa wewe, mwiko ungempa nani?