Kizibo cha Ndiva

Mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, alikuwa na shamba la maharage kule chini kabisa, mahali mfereji unapoishia. Huko milimani Upareni watu hawamwagilii kwa kukimbilia kijito, kila mtu na ndoo yake. Wana ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo. Jioni huzibwa, usiku kucha maji hujaa taratibu, na asubuhi mlinzi aliyechaguliwa na watu huondoa kizibo, maji yakashuka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho. Wa juu anapata, wa chini anapata. Lakini sharti ijae kwanza. Hata mtoto wa huko anajua hivyo, na ndiyo maana haya ninayowaambia yanauma.

Kwa miaka mingi ndiva ilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja. Wakajisahau. Maji wakawapa watu wao, wengine wakaambulia vumbi, na kuta wakaziacha zipasuke. Watu walipochoka, wakawatoa. Nakijwa ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kumpigia debe Eliapenda, mtu mpole, asiye na makuu, aliyesimama mbele ya mkutano akaahidi kwamba maji yatafika mpaka shamba la mwisho. Na shamba la mwisho lilikuwa la Nakijwa. Alilia kwa furaha siku ile, wala hakuona haya.

Kiangazi kilipofika, maji hayakumfikia. Eliapenda akasema ukuta unavuja, walioondoka wameuacha mbovu. Ni kweli, ulikuwa unavuja. Watu wakamvumilia. Akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja, waje wazibe nyufa kwa tope na mawe. Wakaja wachache. Wengi walibaki majumbani wakisema, tulimchagua wa nini basi, azibe mwenyewe. Na wale wa kamati yake, walioingia naye madarakani siku moja, walikuja wakasimama ukingoni, mikono mifukoni, wakinong'onezana nani angefaa kushika nafasi yake.

Hapo ndipo Eliapenda alipoanza kuwaogopa watu. Wa juu walipofika wakifoka, aliwafungulia ndiva kabla haijajaa. Maji yakatoka kidogo, yakaishia njiani. Wa katikati wakakasirika, akaziba. Akatangaza kwamba wazee wasubiri zamu ya mwisho. Wazee wakanung'unika, na jioni hiyohiyo akalifuta tangazo. Kila aliyepaza sauti alipewa kidogo, na hakuna aliyelowesha shamba. Nakijwa naye hakuwa malaika. Maharage yake yalipotoa maua na majani yakaanza kujikunja, alipanda mlima jua likiwa kali, akamkamata Eliapenda shati mpaka akafunguliwa maji. Maji yale hayakufika hata nusu ya njia. Alirudi nyumbani akimlaani Eliapenda, wala hakujiuliza ni nani aliyemkamata shati.

Maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula chake na cha wajukuu zake mpaka msimu mwingine. Yalihitaji maji mara moja tu, lakini maji ya kweli, ya ndiva nzima. Yakikosa wiki ile, basi tena.

Kamati ikaitisha mkutano palepale ukingoni. Mmoja wao aliyeitwa Senzota, ambaye juzi tu alikuwa akimsifu Eliapenda mbele za watu, alisimama akasema mlinzi ameshindwa kazi, na kwamba yeye yuko tayari kuubeba mzigo huo. Watu wakapiga makofi. Hasira yao ilikuwa ya haki. Waliiona njaa inakuja. Eliapenda alisimama peke yake, kofia mkononi, akitazama uso mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui aanze na nani. Nakijwa alimwonea huruma, na alimchukia, yote kwa pamoja. Akainuka, akasema polepole:

“Mwanangu, sikukuchagua unifurahishe. Nilikuchagua uniambie hapana nikija kabla ndiva haijajaa.”

Eliapenda aliinamisha kichwa, akakubali kwamba ndivyo. Wengi nao wakatazama chini, maana hakuna hata mmoja pale ambaye hakuwahi kwenda kumfokea. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama wangevua viatu, wakaingia kwenye tope na kuziba ule ukuta wote kwa pamoja. Lakini jua lilikuwa linapanda. Mtu mmoja nyuma akaguna kwamba mashamba yanakauka huku wao wanahubiriwa, na mkutano ukarudi ulikokuwa. Wakaombwa wainue mikono. Nakijwa naye akainua wake, kwa sababu alichoka na hakuona lingine la kufanya. Eliapenda akatoka, Senzota akaingia.

Mikono haijashuka vizuri, wa juu wakaanza kumtaka mlinzi mpya awafungulie. Ndiva ilikuwa na maji ya magotini. Senzota akawatazama, akatabasamu, akaondoa kizibo, na watu wakamshangilia. Nakijwa aliteremka mbio mpaka shambani kwake, akapiga magoti mahali mfereji unapoingia, akangoja. Alingoja mpaka jua likazama. Maji yalifika mpakani kwa jirani, yakanywewa na ardhi. Kesho yake aliyang'oa maharage pamoja na maua yake, akawapa mbuzi.

Basi ninyi mnaosema mmemchoka mlinzi wenu, na haki ya kuchoka mnayo, nijibuni: siku ile pale ukingoni, watu wale walibadilisha nini?