Kwa Nini Wazee wa Baraza Hulamba Chumvi

Mnapowaona wazee wa baraza wakipitishiana kibakuli cha chumvi kabla ya kesi, kila mmoja akilamba na kukunja uso, msidhani walizaliwa wakifanya hivyo. Kulikuwa na wakati chumvi ilikaa jikoni, baraza lilikaa kivyake, na kila kijiji kilihukumu kana kwamba dunia iliishia kwenye ua wake wa miiba.

Siku hizo kulikuwa na desturi moja ya kipumbavu, na ninaiita ya kipumbavu kwa sababu walioipenda wamekwisha kufa. Mtu wa kijiji jirani akikuibia ng'ombe, humfuati yeye. Unamkamata yeyote wa kijiji chake apitaye njiani, awe kipofu, awe bibi harusi, unamfunga zizini mpaka ng'ombe arudi. Asiporudi, uliyemfunga anakuchotea maji mpaka azeeke. Ndugu zake nao wakikasirika wanamkamata wa kwenu, na wa kwenu wakikasirika mnajua wenyewe. Watu wakaacha kutembeleana. Mabinti walioolewa mbali hawakuzika wazazi wao.

Lakini chumvi haioti uani. Ilipatikana mahali pamoja tu, uwanda wa Ilolo, ardhi nyeupe isiyo na mwenyewe, na kila sufuria ya nchi ile iliitegemea. Basi vijiji vyote vikatuma wazee huko. Wakachota chumvi kwa viganja, wakalambishana, wakaapa: aendaye kwa chumvi asishikwe kwa kosa asilolitenda yeye. Kijiji cha Mbalala kilimtuma Chilewa, mkuu wa baraza lao, mtu mrefu, mwenye haki, ila aliogopa maneno ya watu kuliko simba. Aliporudi akawaeleza wenzake habari ya kiapo. Wakasema vema, vema, na mzigo wa chumvi uko wapi?

Kiangazi kilichofuata, ng'ombe wa Malogo akaibwa. Malogo alikuwa na mifugo mingi, na nusu ya wazee wa baraza walikuwa wameoa kwake, kwa hiyo ng'ombe wake akipotea kijiji kizima kilipaswa kununa. Nyayo zilielekea kijiji jirani cha Chifutuka. Kabla hasira haijapoa, vijana wakamkuta mwanamke wa Chifutuka, jina lake Sechelela, ameinama kwenye kijito cha Mbalala anakunywa maji, mzigo wa chumvi umetuliwa kando yake. Wakamfunga mikono, wakamleta barazani. Nguo yake ilikuwa imelowa kifuani, wala si kwa maji ya kijito. Alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa bibi yake, na maziwa yalikuwa yakimtoka.

Chilewa aliiona ile nguo, akaangalia chini.

"Mimi sina ugomvi na mama huyu," alisema Malogo. "Ugomvi wangu ni na kijiji chake. Ila kijiji hakipiti njiani. Amepita yeye."

"Kuna kiapo cha Ilolo," alisema Chilewa, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia.

"Uliapa wewe, Mzee Chilewa, tena huko huko Ilolo. Hapa ni Mbalala. Babu zetu hawakutuachia neno hilo. Na hata tukilikubali, linasema aendaye kwa chumvi. Huyu alikuwa anarudi. Tena alikuwa anakunywa maji."

"Kumbe mnaruhusu kwenda tu," alisema Sechelela. "Mngetuambia, baba zangu, tungekuja na sanda."

Mzee mmoja alicheka, akaona Malogo anamwangalia, akakikohoa kile kicheko.

Chilewa alikaa katikati yao akajiona kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Mdomo ulioapa ulikuwa wake. Lakini akimfungua mwanamke huyu, kesho wataimba kisimani kwamba Chilewa ni mkwe wa Chifutuka. Akafanya kile wafanyacho waoga wenye akili. Akasema watu wapate chakula kwanza.

Baraza lilikaa uani kwake; mkewe, Mbeleje, alikuwa jikoni, na ukuta wa tembe, nyumba ya udongo, una masikio. Alikuwa amesikia yote. Akaleta ugali wa mtama na bakuli kubwa la mlenda, akaweka katikati, akasimama pembeni mikono kiunoni.

Wazee wakamega, wakachovya, wakatia mdomoni. Kisha taya zikasimama. Nyinyi mmewahi kula mlenda usiotiwa chumvi? Ni kama konokono amekupitia ulimini na hana haraka.

"Shemeji," alisema mmoja, "umesahau chumvi."

"Sikusahau. Chumvi ya nyumba hii yote imetoka Ilolo, na nimesikia ya Ilolo hayaingii Mbalala. Nikaogopa kuwakosea babu zenu."

"Babu zetu walikula chumvi," alisema Malogo.

"Basi waliifuata huko huko, nao walirudi. Au walikula ya kwenda tu?"

Malogo akasema yeye atakula hivyo hivyo, mwanamume hashindwi na mboga. Alimeza tonge la kwanza kwa ushujaa. La pili alilitafuna muda mrefu, macho yakimtoka, na hakuna aliyeona la tatu.

Hapo Chilewa akahisi kitu kimelegea kifuani mwake, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Akanawa, akasimama.

"Kiapo na chumvi vilikuja hapa kwa mzigo mmoja," alisema. "Hatuwezi kukila kimoja na kukifukuza kingine nje ya ua. Mdomo ulioapa ni wangu, lakini matumbo yaliyokula ni yetu sote. Tena kwenda kwa chumvi ni safari nzima. Hakuna anayeifuata akaishi nayo uwandani. Mpaka mzigo utuliwe nyumbani kwake, mbebaji yumo katika kiapo, hata akiinama kunywa maji. Mfungueni."

"Na ng'ombe wangu?" aliuliza Malogo.

"Dai la ng'ombe wako lipo pale pale. Utamdai aliyemwiba, kwa jina lake, mbele ya baraza la kwao. Nao wamelamba chumvi ile ile."

"Na wakikataa?"

"Nitampeleka Mbeleje akawapikie."

Wakacheka wote, hata Malogo, ingawa yeye alichelewa. Sechelela alisugua mikono yake iliyoachwa alama na kamba, akafungua mzigo wake, akamimina chumvi kidogo kwenye kibakuli, akakisukuma mbele ya wazee. "Kuleni upesi mniage," alisema. "Nina mtoto."

Wakalamba mmoja baada ya mwingine, Chilewa wa kwanza, Malogo wa mwisho. Jua lilikuwa bado juu mwanamke alipopanda kilima na mzigo wake kichwani, akienda karibu kukimbia. Chilewa alimtazama mpaka akapotea upande wa pili. Usiku ule alilala kama mtoto, na kama kisimani waliimba, hakusikia.

Mwezi haukuisha, watu wa Chifutuka wakaleta ng'ombe wa Malogo na mwizi wake, kijana mmoja mwenye aibu na miguu michafu. Baraza lao lilikuwa limemsikia Sechelela. Malogo akahesabu pembe, akahesabu kwato, akakosa la kulalamikia. Kesi iliyofuata, ndiye aliyekumbusha kibakuli.

Na tangu siku hiyo, baraza la nchi ile haliamui neno kabla chumvi haijazunguka, ili kila mzee akumbuke kwamba kilichoapwa mbali kimekwisha kufika ulimini mwake. Akitokea mmoja wa kusema mambo ya nje hayatuhusu, hawabishani naye. Humsogezea mlenda usiotiwa kitu, wakangoja ameze.