Jivu la Vibuyu

"Wenzangu, pua zenu zipo?"

"Zipo!"

"Na masikio?"

"Yapo!"

"Basi tegeni vyote viwili, maana kisa hiki kina harufu."

Hapo kale nyikani alikuwapo Buku, panya mwenye pua kali kupita wanyama wote. Mnyama akikohoa alimletea makohozi ndani ya kibuyu, naye alinusa, fuu, fuu, akajua nani ana ugonjwa wa kifua. Mgonjwa alikunywa dawa miezi sita, akapona. Kibuyu cha mgonjwa, Buku alikipaka jivu, kisichanganyike na vya wazima.

Fisi hakupendezwa. Sheria ya nyika ilimruhusu kula wagonjwa tu, na Buku aliwaponya wote kabla hawajafika mdomoni. Siku moja akamwendea, akamtaka amfundishe kunusa, ili wagonjwa awapate yeye kwanza. La sivyo, angeanza na watoto wa Buku.

Buku alikuwa mgane. Watoto wake walilelewa na jirani, Bi Pimbi, aliyewalisha pamoja na wake tangu mama yao afariki. Akawawaza wote, kisha akacheka kimoyomoyo.

"Nitakufundisha, mzee," akasema. "Nitakufundisha kwa mifano."

Akampangia vibuyu mia moja vya zamani, vyenye jivu na visivyo na jivu. Fisi akanusa, fuu. "Mgonjwa." Kweli, mgonjwa. Akapewa mfupa. Akanusa cha pili, fuu. "Mzima." Kweli, mzima. Akapewa mfupa. Ugonjwa hakuunusa hata kidogo, wenzangu. Alikuwa ananusa jivu. Buku aliliona hilo, akaendelea kugawa mifupa.

Fisi alipopata mia kwa mia, Buku akamsifu mbele ya wanyama wote, kwamba pua ya mzee imempita. Kazi ikahamia kwa Fisi.

Sasa vibuyu vipya havikuwa na jivu. Nani angevipaka, na Buku hajavigusa? Fisi akanusa cha Swala, fuu. "Mzima." Akanusa cha Ngiri, fuu. "Mzima." Akanusa cha Nyani, aliyekuwa akikohoa kho, kho, hadi anashika mti asianguke. Kikohozi Fisi alikisikia, lakini yeye sasa ni mtaalamu, anafuata pua. Fuu. "Mzima." Akalala njaa.

Buku alicheka shimoni mwake mpaka mbavu zikamuuma. Mpango wake ulikuwa kuwanusa wanyama kwa siri na kuwapa dawa. Hakumwambia yeyote, akiogopa siri itavuja. Hilo alilijutia maisha yake yote, maana wanyama hawakuja tena kwake. Waje kufanya nini, nao wameambiwa ni wazima?

Ndipo Bi Pimbi akaanza kukohoa. Kho, kho. Buku akamfuata mwambani kwake, na harufu aliipata kabla hajakaa. Akamweleza ukweli wote, jivu, mifupa, na zile sifa za uongo.

Bi Pimbi akamtazama kwa huruma. "Shemeji, Fisi ananitamani tangu nizaliwe. Yeye mwenye njaa amesema mimi mzima. Anidanganye ili apate nini?"

"Ni mimi niliyemharibu, shemeji."

"Na ni wewe uliyemsifu. Usimwonee wivu kwa kuwa kazi amepewa yeye."

Buku akaiacha dawa juu ya jiwe. Kila asubuhi alirudi, akaikuta palepale.

Mwezi wa tatu Fisi akahama nyika ile, mbavu nje, akilalamika kuwa wanyama wa huku wana afya kupita kiasi. Wanyama wakapiga ngoma. Buku hakucheza. Asubuhi ile walikuwa wamemzika Bi Pimbi, na watoto saba, wake na wa marehemu, walikuwa wamemzunguka wakimuuliza nani atawapikia. Akakichukua kibuyu cha Bi Pimbi, akakipaka jivu taratibu, pande zote.

Kisa changu kimefika ukingoni. Aliyekipenda akitie kibuyuni, asiyekipenda anirudishie mfupa wangu.

Na funzo, wenzangu, kwa pua ya Fisi, ni hili: kibuyu chako usikubali kipakwe jivu, nawe hutaugua kamwe.